Rangi ya Geti Ndani ya Kiberiti

Jinja,
Jumatatu, saa ya chakula cha mchana

Kwako mdogo wangu Rajabu,

Salamu ni haki ya kila mtu, na mimi sitakudhulumu haki yako ijapokuwa wewe umenidhulumu yangu. Basi pokea salamu. U mzima? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimeachia? Mama anaendeleaje na macho, na magoti yake je? Kama hapo Morogoro mko wazima, namshukuru Mungu. Mimi mwili wangu hauna neno. Ninakula, ninalala, ninakwenda kazini. Kinachouma ni kingine, na ukiona kalamu imetoboa karatasi mahali fulani, usidhani ni ubovu wa kalamu.

Nimekupigia simu tangu jana alasiri. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili ukaikata mwenyewe. Mara ya tatu nikaambiwa hupatikani. Sawa, karatasi haina kitufe cha kukata. Barua hii nitampa yule yule dereva wa lori la mchele aliyeniletea kiberiti chako, naye ataitia mkononi mwako na kusubiri uifungue mbele yake. Keti chini usome.

Miaka yote hii ukiniuliza habari za kazi yangu ulikuwa unacheka. "Dada bado unacheza na vigari?" Nami nilikuwa nacheka nawe, sikukueleza. Leo nitakueleza, kwa sababu usipojua ninachofanya hutajua ulichonifanyia.

Unajua kwamba hapa Jinja ninapiga rangi kwenye gereji ya Bwana Harbans, yule mzee wa Kisikh ambaye babu yake alifungua duka la vipuri kabla ya sisi kuzaliwa. Mwanzoni nilipata tabu. Mwanamke ameshika bunduki ya rangi, tena anazungumza Kiswahili! Hapa Kiswahili watu wengi wazima wanakikumbuka kwa askari. Mpaka leo nikienda sokoni kununua nyanya, mama mmoja huniamkia "Kodheyo, afande!" na wenzake wote wanaangua kicheko. Nimezoea. Bwana Harbans peke yake hakucheka, kwa kuwa alimwangalia mtu mikono, si kitu kingine.

Sasa mzee huyu ana mpwa wake ng'ambo anayemletea maboksi ya vigari vya kuunganisha, vya plastiki, kila kimoja sawa na sehemu moja ya ishirini na nne ya gari lenyewe. Si magari ya kawaida. Ni yale ya mbio za mstari mnyoofu, yenye matairi ya nyuma mapana kama mapipa na injini imechomoza juu ya boneti, na yale magari ya zamani ambayo vijana wa huko waliyakata paa, wakayashusha chini, wakayatia injini ya kishetani. Wao wanayaita hotrodi. Macho ya mzee yamechoka, hawezi tena kugundisha vipande vidogo, akaniomba nimuunganishie kimoja. Nikakiunganisha, nikakipiga rangi, kikang'aa kama sahani ya harusi. Nikakitazama nikaona kimekufa. Gari lililokimbia halikai hivyo! Gari lililokimbia lina masizi nyuma ya eksozi, lina unga wa raba kwenye madigadi, lina mafuta yaliyovuja yakashika vumbi, na pale dereva anapoegemeza kiwiko rangi imelika.

Basi nikakizeesha. Nilichukua steluulu, ile sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, nikailoweka kwenye siki siku nne, nikapata kutu halisi. Nikakwangua masizi ya kibatari. Nikachekecha udongo wa Budondo, huko ninakopanga, kwa soksi ya nailoni mpaka ukawa laini kama poda. Bwana Harbans alipokiona alipiga kelele mpaka mafundi wakatoka chini ya magari.

"Zuhura! Wewe unafanya nini? Gari mpya kabisa, wewe unapaka matope!"

Nikamwambia, "Mzee, kaa nalo kidogo."

Alikaa nalo saa nzima ya chakula. Chapati yake ikapoa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mjomba wake alikuwa na gari lililovuja mafuta mahali pale pale. Tangu siku hiyo hajanitaka tena niache kigari king'ae.

Na si yeye peke yake. Kuna watu kama kumi na tano wa kazi hii, wa Jinja na wa Mbale, wenye maduka, makanika, mwalimu mmoja, daktari wa meno mmoja. Wanakutana Mbale mara mbili kwa mwaka katika ukumbi wa shule, Jumapili, meza zimetandikwa mashuka meupe. Mkubwa wao ni Hajji Ramadhani wa Nakaloke, mzee wa Kinubi ambaye ujana wake wote alikuwa anapiga rangi malori. Mikono inamtetemeka sasa, lakini jicho lake likikutazama unajikuta unaangalia kama umefunga vifungo vya shati.

Sikiliza sasa sheria yao, maana ndiyo iliyonimaliza. Kuna meza ya vigari vya kubuni, na hiyo kila mtu analeta anachotaka. Na kuna meza ya magari ya kweli. Ukitaka kuweka kigari chako kwenye meza ya kweli, lazima kiwe kimefuata gari moja lililokuwepo duniani, na lazima ulete ushahidi: kipande cha rangi cha gari lenyewe, ndani ya kiberiti, kimefungwa na watu wa gari hilo, si na wewe fundi. Wewe huruhusiwi kukifungua. Hajji ndiye anayekifungua mbele ya watu, anatia lenzi jichoni, anatazama kipande, anatazama kigari. Kikikubali, kigari kinakaa kinawatazama watu. Kisipokubali, kinageuzwa kinatazama ukuta, na jina la fundi linajulikana mpaka Tororo.

Ni meza hiyo niliyotaka kumweka baba.

Ndiyo, Rajabu. Nilimtengeneza Mkaidi, gari la marehemu baba. Nilimtengeneza kwa miezi saba. Hakuna boksi lolote duniani lenye pikapu ya Pijo 404 iliyokatwa paa na fundi bodi wa Morogoro, kwa hiyo nilianza na plastiki ya bango la zamani, nikakata kipande kwa kipande. Matairi ya nyuma nilichonga kwa kandambili. Mabomba ya eksozi ni mirija ya kalamu. Viti nilivishona kwa ngozi ya mkoba wangu, ule wa kahawia alioninunulia mama. Kila rangi niliipiga kwa mpangilio wake: nyeupe ya kiwandani chini, juu yake kijani, juu yake maruni. Unakumbuka baba hakuwa anachubua rangi ya zamani. Anapiga msasa kidogo, anapaka juu yake. "Mkaidi havuliwi nguo," ndivyo alivyosema. Kwa hiyo kila mahali gari lilipochubuka ulikuwa unaona rangi zake zote tatu. Mimi nilinyunyiza chembe za chumvi juu ya kijani kabla ya kupiga maruni, kisha nikaziosha, na zilipotoka rangi ikamenyeka vile vile alivyomenyeka Mkaidi kwenye kingo za milango. Nilikaa nikalia, sikufichi.

Na mlango wa kushoto nikautia ule mbonyeo. Nilipasha mgongo wa kijiko nikaukandamiza taratibu. Wa Mkaidi mwenyewe uliutia wewe, ulipokuwa unajifunza gia ukagonga nguzo ya tangi la maji, na baba akakataa kuunyoosha. Fundi bodi wa kusifiwa mji mzima, anatembelea gari lenye mbonyeo! Wateja wakimuuliza alikuwa anajibu, "Huo ni wa mwanangu." Alikuwa anausema kwa fahari, Rajabu. Nilikuwepo.

Basi nikakuomba kitu kimoja. Kimoja tu. Nilikupigia mara tatu nikakueleza kama anavyoelezwa mtu anayekwenda kuchukua dawa: nenda nyuma ya nyumba, inua turubai, kwangua kona ya mlango wa kushoto, kipande sawa na ukucha wa kidole gumba, usikipanguse, kitie kwenye kiberiti, funga kwa utepe, andika jina lako juu. Ukanitumia sauti kwenye simu: "Usijali dada, kazi ndogo hiyo." Mwishoni mwa sauti hiyo nilisikia pikipiki yako inaunguruma. Nilifurahi, nikasema mdogo wangu kweli amekua.

Jumamosi dereva akapita Busia, akanifikia Jinja, akanipa kiberiti. Kimefungwa vizuri, jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa. Sikukifungua. Nilikibeba kwenye sidiria kama hirizi. Jana asubuhi Bwana Harbans akanichukua kwa pikapu yake mpaka Mbale, Mkaidi amelala mapajani mwangu ndani ya boksi la viatu lenye pamba. Mzee alivaa kilemba kipya. Aliniambia njiani, "Leo watu wataona."

Wameona.

Ukumbi ulijaa, wao na jamaa zao. Nilipomtoa Mkaidi kwenye boksi, wale wazee waliacha soda zao wakaja. Mwalimu aliinama akatazama chini ya gari, akakuta hata waya niliofungia bomba la eksozi, kwa kuwa baba alifunga la kweli kwa waya wa senyenge. Makanika mmoja wa Namatala akatia pua kwenye kioo akasalimia, "Mulembe mzee!" kana kwamba baba amekaa ndani. Nilisimama hapo nikijihisi mrefu. Sijawahi kujihisi mrefu vile tangu nitoke nyumbani.

Hajji akaomba historia ya gari. Nikaisema: baba alikuwa fundi bodi, akalikata paa mwenyewe, akalishusha kwa upana wa kiganja kimoja, akalitia injini ya lori dogo, akawa anashindana na mafundi wenzake kwenye barabara iliyonyooka ya shamba la mkonge. Nikataja rangi tatu, moja juu ya nyingine. Nikasema gari bado lipo nyumbani, nyuma ya chumba cha mama, limefunikwa turubai. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, mbele ya watu arobaini.

Akakata utepe. Akamwaga kipande kwenye sahani nyeupe. Akatia lenzi.

Alikigeuza kipande upande wa pili, akakitazama tena. Kisha akaniita karibu, na kwa heshima yake akashusha sauti, ingawa ukumbi ule hauna siri.

"Dada, hii gari ya baba ilikuwa na buluu?"

"Hapana, Hajji. Nyeupe, kijani, maruni."

"Ona basi." Akanipa lenzi. "Hii ni rangi moja tu. Na haikupigwa na mashine. Ona mistari, hii ilipakwa na brashi. Na kutu ya nyuma yake ni nene, si ya mlango ya gari. Dada, mimi nilifanya hii kazi miaka mingi. Hii ni rangi ya geti."

Nikaangalia. Rajabu, nilijua kabla jicho halijakaa sawa kwenye lenzi. Ile buluu ya mafuta niliichanganya mimi. Ile mistari ya brashi ni ya mkono wangu, kwa sababu brashi ilikuwa imekufa upande mmoja na baba alikataa kuninunulia nyingine. Nililipaka lile geti wiki niliyoondoka, ili mama awe na kitu kizuri cha kutazama nikiwa sipo. Umechukua kisu ukakwangua geti letu, ukatia rangi yake kwenye kiberiti, ukaandika jina lako juu! Ulidhani nini? Ulidhani rangi ni rangi na kutu ni kutu? Mtoto wa fundi bodi! Umelala chumba kimoja na makopo ya rangi tangu unanyonya, halafu hujui kwamba watu wa kazi hii tunasoma ganda la rangi kama wengine wanavyosoma kitambulisho? Umeniuzia mbuzi kwenye gunia, nami nikalibeba gunia mwenyewe mpaka sokoni.

"Labda hili gari lenyewe halikuwepo," akasema mmoja nyuma yangu. "Labda amelitunga kichwani."

Hajji akamkatiza. "Mimi sijasema dada ni muongo. Lakini sheria ni sheria, afande." Aliniita afande kwa upole, na ndipo machozi yaliponitoka. Kisha kwa ile mikono yake inayotetemeka akamshika Mkaidi, akamgeuza. Baba yetu akatazama ukuta, Rajabu. Watu waliendelea kula sambusa, na Mkaidi yuko pale, uso ukutani, kama mtoto aliyeiba sukari. Alikaa hivyo mpaka saa kumi.

Tukapanda pikapu kurudi. Tulipofika Iganga Bwana Harbans akaniuliza, "Huyu kaka yako, anakula vizuri? Ana shida?" Mzee wa watu amevaa kilemba kipya kuja kuaibika, na bado anauliza kama wewe una shida. Nikamjibu kwamba shida utaipata.

Hapo sikujua bado. Nilidhani ni uvivu. Nilidhani pikipiki ilikuwa inakusubiri, turubai lina vumbi, geti liko karibu, basi. Kwa uvivu peke yake nilikuwa nimeshapanga matusi ya kutosha. Lakini hukupokea simu, na mtu mvivu hupokea simu. Basi nikampigia Fundi Mgaya, aliyejifunza kazi kwa baba, nikamwomba leo asubuhi apite nyumbani kama anayekuja kumjulia mama hali, azunguke nyuma, ainue ncha ya turubai.

Amenipigia saa nne. Alikuwa anahema.

"Zuhura, hakuna gari."

"Hakuna vipi?"

"Kuna matofali. Yamepangwa. Kuna magunia ya pumba juu yake, na mbao mbili zimeinuliwa pale kwenye paa ili turubai likae kama paa. Halafu kuna tairi moja, lile la mbele kulia. Limeachwa linachungulia nje kidogo chini ya turubai, mtu akipita aone."

Hilo tairi, Rajabu! Mengine yote ningeweza kusema ni mtu amehangaika akatupia matofali. Lakini hilo tairi linalochungulia! Mtu aliyefikiria tairi amekaa akafikiri. Amerudi nyuma hatua kumi, amekunja mikono, ametazama, akasema hapana, bado kitu kimoja. Najua, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya mimi. Kumbe miaka yote unayonicheka, wewe mwenyewe ni fundi wa vigari, tena wa kipimo kamili! Ungekileta Mbale kwenye meza ya kubuni ungepata kikombe.

Fundi ameuliza pale kwa jirani. Wamemwambia watu wa vyuma chakavu walikuja mwaka juzi, mama akiwa hospitali ya mkoa anatibiwa magoti. Walimkata Mkaidi vipande pale pale uani. Na mwezi uliofuata ukanitumia picha ya pikipiki, ukiwa umeikalia, umevaa miwani. "Dada, nimejibana nimenunua." Nami nikamwonyesha picha hiyo kila mtu gerejini. Sikuulizi walikupa kiasi gani. Usiniandikie kiasi gani. Ukiniandikia nitaichana.

Ungeniambia! Ungesema, dada, nimekwama, nataka kuuza gari la baba. Ningekutukana siku mbili, ya tatu ningekuelewa, maana chuma hakiliwi na mtu anakula. Ningeomba uniachie mlango wa kushoto tu. Lakini la kuvunda halina ubani. Umeuza, ukaficha, ukajenga sanamu ya matofali ili kuficha ulichoficha, na nilipokuja kuomba ukucha mmoja wa rangi ukaniibia rangi yangu mwenyewe kunidanganyia.

Na kilichonifanya nishike kalamu badala ya kusubiri hasira ipoe ni alichoniambia Fundi mwishoni, na alikisema kwa shida. Kila asubuhi mama anatoka na mkongojo wake, anasimama mlango wa nyuma, anaelekeza uso kwenye turubai na kusema kwa sauti, "Asalaam aleikum, Mkaidi. Umeamkaje?" Jirani anasema hajakosa hata siku moja. Mama mwenye mtoto wa jicho, anayeona vivuli tu, anaamkia magunia ya pumba! Na wewe upo pale pale bombani unapiga mswaki, unamsikia! Una koo la namna gani, maji yanapitaje?

Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimeandika hapa, kabla sijakata kwa kalamu, kwamba nakuja na basi mwisho wa mwezi na nitalifunua turubai lile mwenyewe mbele yake. Nilikuwa nimeshaanza hata salamu za mwisho: msalimie shangazi Mwajuma, mwambie kanga zake nimeshazinunua, kitenge cha Jinja nacho kimo. Msalimie mjomba Athumani wa kinu, na mkewe aliyejifungua. Msalimie Fundi Mgaya, umshike mkono vizuri na uinamishe kichwa. Binamu yetu Tatu mwambie somo langu la kushona viti linamsubiri.

Nimefika kwenye jina la Tatu, simu ikaita. Ni mama.

"Zuhura, wewe ndiye uliyemtuma Mgaya kuja kufunua turubai langu?"

Nikasema mama, kuna jambo, Rajabu atakueleza, tulia kwanza.

"Tulia wewe. Najua kilichomo. Yamo matofali."

Nikamuuliza nani amekwambia.

"Nani aniambie? Macho yamekufa, masikio yamekufa? Masika ya kwanza tu nilijua. Nimelala miaka ishirini na mvua inampigia Mkaidi paa chini ya dirisha langu. Bati la baba yako lina mlio wake, hata likifunikwa. Usiku ule mvua ikanyesha, kimya. Inanyesha kama inanyeshea shamba."

"Mama, na ukanyamaza? Mwaka na zaidi?"

"Nilimsubiri anieleze. Ni mwanangu, si mwizi wa kuja kumulikwa tochi."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumpandishia mama, astaghafirullah: basi kwa nini kila asubuhi unayaamkia matofali, mama, watu wanakuonea huruma!

Akacheka, Rajabu. Kicheko kile chake kifupi, cha puani. Akasema, "Nani ameamkia matofali? Mimi naamkia kwa sauti ili asikie yule anayepiga mswaki."

Nimekaa na sentensi hiyo mpaka mafundi wamerudi kazini na bunduki yangu ya rangi imekauka mdomo. Sijapoa. Usidhani nimepoa. Mbale nitarudi mwenyewe, nitamwambia Hajji kwamba gari limekwisha na kwamba kipande hakitapatikana, na Mkaidi akitazama ukuta atautazama, hiyo ni aibu yangu na nitaibeba. Mwisho wa mwezi siji tena na basi. Turubai sitaligusa, maana mama amenikataza.

Lakini barua hii ikikufikia, kesho yake asubuhi utasimama bombani kama kawaida yako, na mama atatoka na mkongojo, ataelekeza uso kwenye turubai na atatoa salamu. Tema maji hayo, Rajabu. Umwitikie.

Ni mimi dada yako,
Zuhura